Mama Lea Alivyomwandikia Mumewe Drafti

"Hivi ni kweli Mama Lea alimwandikia mumewe drafti?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Hamisa, siku mkwe wake aliporudi kutoka Kabuku amenuna. Huyo mkwe ni dereva wa lori. Alisimama Kabuku kula chakula, akaona bibi mmoja kakaa na ubao wa drafti mezani, akamwonea huruma, akasema amchezeshe kidogo huku akisubiri wali. Alifungwa mara nne kabla wali haujaiva. Wali ulipoletwa hakuumaliza.

Nilimjibu Hamisa kwamba ni kweli, na kwamba huyo bibi mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, kwa hiyo kama kuna lawama basi na mimi nimo. Hamisa akasema drafti haiandikwi, drafti inachezwa. Nikamwambia akae. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomweleza, ila hapa nimepunguza matusi ya wanaume wa barazani, maana Mungu anasikia na karatasi inakaa.

Justa, ambaye ndiye Mama Lea, alizaliwa kambini, kambi ya vibarua wa mkonge. Shamba letu la mkonge lilikuwa Korogwe, bondeni, ukiteremka kutoka Vugiri. Baba yake alikuja kwa mkataba wa miaka miwili akafia pale pale baada ya thelathini. Justa alikua, akaolewa na Paulo, akaingia kufanya kazi brashi. Brashi ni banda ambamo singa, yaani nyuzi za mkonge, zikishakauka zinaletwa kusuguliwa na kuchambuliwa. Kazi yake ilikuwa kuchambua. Mkononi anashika fungu la singa, anajiuliza: lina doa? Kama lina doa, kushoto. Kama halina, ni refu kupita kamba ya kipimo? Kama ni refu, kulia. Kama ni fupi, limekatika au limezaliwa fupi? Hivyo hivyo kutwa nzima, miaka kumi na moja. Wenzake walisema kazi ile inaua akili. Justa alisema kwake iliipanga.

Sasa Paulo. Paulo alikuwa mkata mkonge, mtu mpole, mwaminifu, hanywi kupita kiasi, mikono yake kama koleo. Kanuni za drafti alizijua zote. Kilichokuwa kinamshinda ni kushinda.

Drafti ilichezwa kila Jumapili barazani pa duka la ushirika, juu ya ubao uliochorwa kwa mkaa. Kete zilikuwa vizibo vya soda, kumi na viwili vimelala chali na kumi na viwili kifudifudi. Anayefungwa anainuka, anakaa anayefuata. Paulo aliinuka sana hata wakampa jina, Bwana Inuka. Jina likamfuata mpaka kazini. Nyapara akiita majina asubuhi alikuwa anasema, "Paulo Inuka," na Paulo anaitika, maana asipoitika siku yake haihesabiwi.

Aliyekuwa akimwinua ni Rehani, karani wa mizani, yule anayepima matita ya mkonge yanapofika kiwandani. Rehani alikuwa bingwa wa ubao ule tangu kabla ya shamba kutaifishwa. Kanzu yake nyeupe hata siku za vumbi, kofia ya mkono, kalamu sikioni. Alifunga watu kwa upole kama anayewapa dawa.

Jumapili jioni Paulo akirudi nyumbani alitandika mkeka, akapanga punje za mahindi na maharage, akamwonyesha mkewe jinsi alivyodhulumiwa. Wiki za kwanza Justa alisema pole tu. Siku moja akanyoosha kidole kwenye harage akamwambia, "Hapa ndipo ulipokufa. Pale ulikuwa unazikwa." Paulo akauliza tangu lini wanawake wakajua drafti, akapanga upya ili amwonyeshe. Justa alimfunga mara sita. Mara ya saba Paulo alisema maharage yanachanganya macho.

Tangu siku ile Justa alikuwa na jambo moja moyoni: kujua kama akili yake inaweza kumfunga Rehani. Kumfunga Paulo hakukumwambia kitu, Paulo alifungwa na kila mtu. Lakini mwanamke hakukaa kwenye ubao ule. Sheria ya kumkataza haikuwapo, kama ambavyo hakuna sheria inayomkataza imamu kuendesha baiskeli mimbarani. Ni jambo ambalo halifanyiki. Mikono pekee ya Justa iliyoruhusiwa kufika barazani ilikuwa mikono ya Paulo.

Mwaka wa sabini na mbili kisomo cha watu wazima kilifika kambini. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne, kwa hiyo nikawa mwalimu. Katibu wa tawi la chama, Bwana Bonaventura, alituletea vitabu vya kusomea, vyote vya kilimo bora cha pamba. Tulikaa katikati ya mkonge, mkonge mbele, mkonge nyuma, tukasoma jinsi ya kupanda pamba. Katibu alisema tusiulize, pamba itatufaa baadaye. Bado nasubiri.

Mwisho wa mwaka uliofuata nikawaambia wanafunzi kila mmoja aandike jambo lake mwenyewe, lisilotoka kitabuni. Wengi walileta barua za kuuliza hali ya ndugu zao. Justa alileta ukurasa mzima, juu umeandikwa kwa herufi kubwa AMRI ZA PAULO. Nikadhani ni mambo ya ndoa, nikafunga daftari kwa adabu. Akanilazimisha nisome.

Amri ya kwanza ilisema: kabla ya kugusa kete yoyote, tazama kama unaweza kuliwa. Kama unaweza, nenda amri ya tatu. Kama huwezi, nenda ya pili. Zilikuwa saba, kila moja inakutuma kwa nyingine. Akanieleza kwamba ni kama brashi tu. Kule hakuna anayefikiri, unauliza maswali kwa mpangilio na fungu linakwenda mahali pake. Paulo hawezi kufikiri barazani, wanamzomea, moyo unamdunda. Basi asifikiri. Asome, atii.

Nikamuuliza kama huko si kuuharibu mchezo, mtu kucheza kwa kusomewa. Akasema, "Mwalimu, askari akipigana kwa amri ya mkubwa wake, kapigana nani?"

Paulo alikubali, kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza. Daftari akaliweka ndani ya kitabu cha pamba, akaenda nalo barazani. Katibu Bonaventura alipomwona anasoma kati ya kete na kete alifurahi mno. Kwenye mkutano wa tawi akamsimamisha mbele za watu kama mfano wa mwananchi ambaye hata kwenye mapumziko haachani na elimu. Paulo alipigiwa makofi. Ndiyo makofi ya kwanza ambayo drafti ilimpatia.

Alifungwa, bila shaka. Lakini sasa alifungwa polepole. Akirudi, Justa anamwuliza mchezo wote tangu mwanzo, anaupanga kwa mahindi na maharage, anatafuta amri iliyomponza, anaifuta na kuandika nyingine. Kila Paulo alipofungwa, Justa aliweka alama ya mkaa ukutani nyuma ya mlango. Paulo alilalamika kwamba wageni wanadhani ni hesabu za deni.

Ipo Jumapili moja lazima niieleze. Justa alikuwa ameandika amri kwamba kete za mstari wa nyuma zisiondoke kamwe, zilinde nyumba. Wazo zuri. Mchezo ukaenda mpaka kete za mbele za Paulo zikazibwa zote, hazina pa kwenda, na za nyuma zimekatazwa. Mtu mwingine angetumia akili. Paulo alikuwa ameambiwa asiitumie, naye ni mtu wa kutii. Akakaa. Akasoma amri zote tisa, akarudi ya kwanza, akazisoma tena. Waislamu tuliadhiniwa, wanaume wakaenda kuswali, wakarudi, Paulo bado kainama juu ya kitabu cha pamba. Rehani akamwuliza kwa upole kama anangoja mavuno. Hatimaye walimwinua kwa kumshika mabega.

Justa aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaongeza maneno manne mwishoni mwa amri ile: ila kama hakuna nyingine. Akaniambia hilo asingelijua kwa kuambiwa na mtu. Ilibidi mumewe akwame saa nzima mbele ya kambi.

Paulo hakuliona jambo hilo kwa macho yale. Alikuwa amechoka. Naye alikuwa na habari yake: Rehani alikuwa na daftari. Lilikaa kwenye saraka ya meza ya mizani, michezo mizima imeandikwa hatua kwa hatua, kila mraba na namba yake. Karani alilirithi kwa mjomba wake aliyefanya kazi reli, na yeye akaongeza yake miaka yote. Paulo, akisubiri matita yake yapimwe wakati karani amekwenda kula, alikuwa akilifungua na kunakili. Sisemi aliiba, maana daftari lilibaki pale pale. Sisemi pia hakuiba. Alipata kurasa ishirini, mwandiko wake kama kuku kapita, akamletea mkewe kwa furaha kama aliyeleta nyama.

Justa hakutaka hata kuzitazama. Wakaniita mimi niamue, kwa kuwa ni mwalimu. Nilikuta wamekaa pande mbili za mkeka.

"Mwenzako kaandika miaka ishirini," Paulo alisema, "na mjomba wake kabla yake. Wewe unataka kuanza na Adamu. Mwalimu, mwambie. Hata wewe hukutunga herufi."

"Nikisoma ya karani nitajua ya karani," Justa akasema. "Yangu nitayajua lini?"

"Yako nayajua mimi. Nimekaa nayo saa nzima watu wakiswali."

Niliwaambia ukweli wangu, ambao haukumpendeza hata mmoja. Mimi nilihifadhi sura nyingi za Kurani nikiwa mtoto, kabla ya kujua maana ya neno lolote, na sijutii, kwa sababu maana ilipokuja ilikuta maneno yamekwisha kukaa yanaisubiri. Kwa hiyo siwezi kudharau kunakili. Lakini pia nimewaona wanafunzi wangu wanaosoma ukurasa wa pamba bila kukosea, na ukiwafunika ukurasa hawajui pamba ni mti au mnyama. Justa akasema bora mimi nimesema. Paulo akasema bora mimi nimesema. Nikaondoka.

Huko barazani nako mambo yaliharibika, na kilichoyaharibu ni kusoma. Zamani Paulo aliinuka upesi, foleni inakwenda. Sasa Bwana Inuka alikuwa hainuki. Mchezo wake mmoja ulimaliza Jumapili ya watu watano. Wakalalamika. Rehani akakata shauri mbele ya wote kwamba siku ya Saba Saba atacheza na Paulo mchezo mmoja. Paulo akishinda, asome hata msahafu mzima. Akifungwa, asikae tena kwenye ubao ule maisha yake. Katibu Bonaventura, aliyependa kumbukumbu za kikao kuliko chakula, aliliandika na kulitia sahihi.

Justa aliambiwa akiwa na ungo mkononi. Aliendelea kuchambua mchele kwa muda mrefu kuliko mchele wenyewe ulivyohitaji. Paulo akifukuzwa, yeye amefukuzwa. Mikono yake imekatwa, na hatajua kamwe alichotaka kujua. Wiki mbili zilizobaki alizitumia kuandika amri zote upya, kumi na mbili, kwa mwandiko safi, akamkabidhi mumewe asubuhi ya Saba Saba kama anayemfunga mtoto hirizi.

Siku ile tulikuwa wote pale dukani. Wanawake tulikuwa uani kwenye masufuria ya pilau, hatua kama kumi kutoka barazani, tunasikia kila kitu na kujifanya hatusikii. Justa alikuwa na mwiko mkononi.

Mwanzo ulikuwa wa ajabu. Paulo alisogeza kete upesi, bila kusita, na kila aliposogeza watu waliguna. Hatua ya tano, ya sita, ya saba. Rehani aliacha maneno yake ya upole. Mtu mmoja akasema leo Bwana Inuka kalala na malaika. Nilimtazama Justa nikitegemea atabasamu, nikaona amekunja uso. Akaniambia polepole, "Mwalimu, hizo siyo zangu. Mimi sijamwandikia kuanza hivyo."

Hapo ndipo tulipojua. Paulo aliogopa. Usiku wa kuamkia sikukuu alipima amri za mkewe, zilizomfungisha mara sitini na tatu, na daftari la bingwa, akaona mtu mwenye akili atachukua lipi. Ndani ya kitabu cha pamba aliweka kurasa za karani.

Ukurasa wa kumi na nne ukamwambia atoe kete moja iliwe. Kwetu kula ni lazima, kwa hiyo Rehani akaila. Kisha ukurasa ukamwambia ale mbili. Paulo akanyanyua kete yake juu, akairusha nyuma, akala ya kwanza, akaila na ya pili, akaziweka pembeni, akaegemea kiti kama mwenye shamba.

Kicheko kilichotoka pale kiliwaamsha mbwa wa kambi nzima. Kwenye ubao wetu kete haili nyuma mpaka ifike mwisho wa ubao iwe kingi. Kila mtu anajua, Paulo mwenyewe anajua tangu utoto. Lakini ukurasa ulisema.

Rehani alikuwa akifuta machozi ya kicheko kwa ukingo wa kanzu. "Hiyo ni ya marehemu mjomba," akasema. "Reli walikuwa wanakula nyuma. Mimi kurasa zile naziruka. Kumbe wewe umenakili mpaka na zile." Akazirudisha kete zake mbili ubaoni, akala tatu za Paulo ambazo sasa zilikuwa wazi, na mchezo ukaishia hapo. Katibu akafungua kumbukumbu zake akasoma lile azimio kwa sauti. Paulo akainuka.

Alipoinuka, daftari la mkewe likaanguka kutoka ndani ya koti. Aliyeliokota ni Rehani. Alidhani ni nakala nyingine ya kwake, akafungua, akaona ni mwandiko mwingine, akaanza kuwasomea watu kwa sauti ya mzaha. Wakacheka amri ya kwanza. Wakacheka ya pili. Kwenye ya nne, ya kuzuia kete mbili kwa moja, mmoja akasema ngoja, rudia hiyo. Ya saba hakuna aliyeicheka. Ya kumi na moja ilisema hivi: Karani akishika kofia yake, hajui aendako. Hapo usimngoje, mvamie.

Mkono wa Rehani ulikuwa njiani kuelekea kofiani. Aliushusha. Wanaume wote waliuona unashuka.

"Nani kaandika haya?" akauliza. Paulo akatazama uani. Basi wote wakatazama uani, na Justa akaja, na mwiko wake, akasimama pembeni ya ubao. Katibu akaanza kusema kitu juu ya akina mama na mapishi ya Saba Saba, kisha hakukimaliza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Rehani akamwuliza amenakili wapi. Akajibu kwamba hakunakili, ni mumewe alifungwa mara sitini na tatu, na kila mara yeye alikuwa akiuliza amefungwaje. Rehani akasema kwamba hiyo ya kuzuia mbili kwa moja yeye alifundishwa na mjomba wake, ipo ukurasa wa tatu, na hakujua kuna mtu anaweza kuipata peke yake. Akaongeza, kwa haki, kwamba amri ya nane ni mbovu kabisa, na kwamba mjomba angemcheka.

Justa hakukasirika. Aliokota kurasa za Paulo zilizotapakaa, mwandiko wa kuku ule, akaanza kuzisoma palepale kwa kidole, kwa mara ya kwanza. Tulisubiri. Nilikuwa karibu, nikamwona kidole kinapungua mwendo kwenye zile hatua saba za mwanzo ambazo wanaume walizigunia. Alizisoma mara mbili. Nilimfundisha mwenyewe kusoma, na uso ule niliujua: ni uso wa mtu aliyegundua kwamba nyumba ya jirani, aliyokataa kuingia kwa kiburi, ina dirisha ambalo kwake hakulifikiria.

Paulo alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya wengine, kichwa chini. Kiti chake kilikuwa kitupu, na aliyekuwa na zamu hakukikalia. Kila mwanaume aliyekuwa pale ana simulizi yake ya yaliyofuata na ya nani aliyekuwa wa kwanza kusema Justa akae, na siku hizi wote wanadai ni wao. Mimi naandika nililolisikia kwa masikio yangu. Justa aliweka mwiko chini, akazipanga zile kurasa vizuri, akamrudishia karani kwa mikono miwili, akamwambia:

"Karani, naomba uniazime daftari lako mpaka Jumapili, na unionyeshe kurasa za kuruka. Na hiyo Jumapili naomba nicheze na wewe mimi mwenyewe."